Hadidiski za Mtumba Chini ya Mlima Rungwe

Hadidiski ya kwanza ya seva kuingia nyumbani kwetu Tukuyu ilikuwa imeshawashwa kwa zaidi ya saa 35,000 kabla sijaigusa. Mwaka mmoja una saa 8,760, kwa hiyo ni miaka minne mfululizo, usiku na mchana, ndani ya chumba cha baridi katika nchi nisiyoijua. Fundi wa Mbeya aliyeniunganishia kwenye kompyuta yake aliisoma ile namba, akanigeukia. "Mwaisa, hii imefanya kazi kuliko sisi wote humu ndani. Unaitaka kweli?" Nikamjibu naitaka, ila kwanza aniachie niipime.

Nilikuwa natafuta pa kuweka sauti na sura za watu. Kazi yangu ni kurekodi: kwaya, harusi, misiba, na miaka ya karibuni wazee wa Kinyakyusa wanaosimulia mambo ambayo wajukuu wao hawakuyakuta, jinsi ng'ombe wa mahari walivyohesabiwa, jinsi vijana wa rika moja walivyotoka kwa baba zao wakajijengea kijiji chao. Kamera za siku hizi zinakula nafasi. Video ya 4K ikirekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde inajaza gigabaiti 45 kila saa, na msiba wa kwetu hauishi kwa saa moja. Weka kamera mbili kuanzia asubuhi watu wanapokusanyika hadi jioni baada ya maziko, utakuwa umejaza mamia ya gigabaiti kwa siku hiyo moja.

Marafiki wa Dar es Salaam huniambia, "Si uweke mtandaoni?" Huku kwetu mtandaoni ni bando, na bando linaisha kabla faili moja kubwa haijafika nusu ya safari. Hata ikifika, hifadhi ya mtandaoni hulipiwa kila mwezi, na mwenye kulipa akifa au akiishiwa, hakuna anayejua nywila wala mahali pa kuanzia kudai. Kwaya moja hapa wilayani ilipoteza nyimbo zake za miaka mingi kwa sababu zote zilikuwa kwenye ekstano moja, hadidiski ya nje, iliyoanguka kutoka mezani ikiwa inazunguka. Baadhi ya waliosikika wakiimba mle walikuwa wameshafariki. Niliposikia habari hiyo niliacha kuwaza kamera mpya, nikaanza kuwaza hadidiski.

Kuna jambo jingine lililonisukuma, nalo linaniuma zaidi. Kati ya 1934 na 1938, Godfrey Wilson na mkewe Monica walifanya utafiti huku Unyakyusa. Monica aliendelea kuandika baada ya mumewe kufariki mwaka 1944, na kitabu chake Good Company, kuhusu vijiji vile vya rika, kilitoka mwaka 1951. Karatasi zao zinatunzwa Chuo Kikuu cha Cape Town. Wamoraviani waliofungua misheni Rungwe mwaka 1891 nao wana nyaraka zao za zamani Herrnhut, Ujerumani. Nawashukuru kwa dhati wote waliozitunza, maana bila wao zingekuwa zimeshaoza kwa unyevu au kuliwa na mchwa. Lakini mtu wa Kiwira au Masoko akitaka kusoma kilichoandikwa juu ya babu yake mwaka 1936, njia yake inapitia Afrika Kusini. Rekodi za kizazi chetu naziwazia njia fupi zaidi: mjukuu ashuke kwenye bodaboda, abishe hodi, akae, asikilize.

Shida ilikuwa bei. Hadidiski mpya ya terabaiti nyingi inagharimu pesa ambayo mwenye studio ndogo kama mimi haiweki mezani kwa mara moja, na nilihitaji zaidi ya moja. Hapo ndipo nilipoanza kuulizia hizi zilizotoka kwenye seva, ambazo nilizipata chini ya nusu ya bei ya mpya.

Watengenezaji huziunda kwa ajili ya vituo vya data, zizunguke saa 24, na nyingi hukadiriwa kubeba kazi ya terabaiti 550 kwa mwaka, takriban mara kumi ya hadidiski ya kawaida ya kompyuta ya mezani. Waranti ya hizi za seva kwa kawaida ni miaka mitano. Inapokaribia kwisha, wenye vituo huziondoa kwa mkupuo, nzima na zilizochoka pamoja, kwa kuwa diski mpya moja inabeba data ya tatu au nne za zamani kwa umeme karibu uleule. Nyingine husagwa kwa usalama. Zilizosalia hufutwa, madalali wakazinunua kwa jumla, zikapangwa, zikapimwa au zisipimwe, zikasafirishwa. Nyingi za kwetu hupitia Dubai, kisha Kariakoo, pengine zikiwa bado zimefungwa ndani ya seva nzima nzima. Kwa hiyo diski hizi zimestaafu kwa sababu ya hesabu za umeme na nafasi, na ugonjwa si lazima uwe sababu. Jambo hili lilinipa moyo, maana nilikuwa nimezoea kuwaza kwamba kitu kikiuzwa rahisi lazima kuna aliyekikimbia.

Mtumba sisi tunaujua. Mama anayechagua nguo kwenye belo pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, hababaishwi na rangi ya shati; anageuza kola, anavuta mshono wa kwapa, anaangalia kitambaa kwenye mwanga. Kola ya hadidiski ni kumbukumbu ndogo inayoitwa SMART, ambayo diski huiandika yenyewe juu ya maisha yake, na programu ya bure kama smartctl inaisoma. Wengi hukimbilia saa za kuwashwa. Mimi nimejifunza kuziangalia mwisho. Ninachoanza nacho ni sekta zilizohamishwa, yaani vipande vilivyoharibika ambavyo diski imevifunga na kuweka vingine badala yake, kisha sekta zinazosubiri, zile ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanye nini. Diski ya saa 40,000 yenye sifuri katika mistari hiyo naipenda kuliko ya saa 5,000 yenye nane.

Sikuamua hivyo kwa kubahatisha. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha walichokiona kwenye diski zaidi ya 100,000. Waligundua kwamba diski ikishaonyesha kosa la kwanza la usomaji inapojikagua, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unakuwa mara 39 ya ule wa diski ambayo haijaonyesha. Kuna sehemu ya pili ya utafiti huo ambayo wauzaji hawaitaji: zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa na dalili yoyote katika alama nne walizoziona kuwa na uzito mkubwa. SMART basi inakuonyesha mgonjwa, lakini haikuthibitishii mzima. Kampuni ya Backblaze, ambayo imekuwa ikitoa takwimu za diski zake tangu 2013, ilipata kiwango cha kufa cha asilimia 1.40 kwa mwaka 2023 na 1.57 kwa mwaka 2024. Ni kiwango kidogo. Ila ukiwa na diski moja tu, nayo ikawa ndiyo hiyo, kwako ni asilimia mia.

Na kola nayo hugeuzwa na wajanja. Mapema mwaka 2025 wanunuzi wa Ulaya walianza kugundua kwamba diski za Seagate aina ya Exos walizouziwa kama mpya zilikuwa zimetumika kwa maelfu ya saa. Chombo cha habari cha Ujerumani, Heise, kililifuatilia jambo hilo. Mtu alikuwa amefuta kumbukumbu ya SMART ikasoma karibu na sifuri, lakini diski hizo zina kumbukumbu nyingine ya ndani, inayoitwa FARM, na huko saa za kweli zilikuwa zimebaki. Wengi waliunganisha diski hizo na uchimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Chia, iliyoanza mwaka 2021 na kuwafanya watu wanunue diski kubwa kwa makasha, kisha faida ikakauka. Tangu hapo nikikuta diski ya Seagate nasoma kumbukumbu zote mbili na kuzilinganisha. Muuzaji anayeniambia "hii ina saa elfu arobaini, bosi, lakini nzima" namwamini kuliko anayeniapia kwamba ni mpya kabisa.

Muuzaji wangu wa Kariakoo nilimpata kwa namna hiyo. Sikubishana naye sana juu ya bei. Nilichombana nacho ni muda. "Nipe wiki mbili," nilimwambia, "ikionyesha hata sekta moja inayosubiri naituma kwa basi, unanipa nyingine." Alifikiri, akaniandikia namba za diski kwenye risiti, akapiga mhuri. Risiti ile ilikuwa na thamani kwangu kuliko punguzo lolote.

Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya, kisha Uyole unakata kuja Tukuyu. Diski iliyozimwa huegesha vichwa vyake vya kusomea pembeni, kwa hiyo inastahimili mtikisiko kiasi, lakini haistahimili kudondoshwa. Zangu zilifungwa kila moja peke yake katika mfuko wa kuzuia umeme tuli, zikabanwa na sponji, na boksi likaandikwa "vioo", maana utingo anaheshimu vioo. Zilipofika sikuzifungua hapohapo. Tukuyu ni mahali pa mvua, inanyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mwezi wa sita na wa saba manyunyu na baridi huingia hadi ndani ya nguo. Diski iliyolala kwenye buti la basi usiku kucha ikiingizwa kwenye nyumba yenye moto wa jikoni hufanya umande, na watengenezaji wanaruhusu unyevu mwingi hewani ila umande hawauruhusu kabisa. Niliziacha zimefungwa hadi zizoee joto la nyumba. Kuhusu mwinuko sikuwa na wasiwasi: diski za kawaida zinaruhusiwa kufanya kazi hadi mita 3,048, na kilele cha Rungwe chenyewe kiko mita 2,960. Baadhi ya hizi kubwa zimezibwa kabisa na kujazwa gesi ya heli, teknolojia iliyoingia sokoni mwaka 2013, nazo unyevu hauna pa kupenyea.

Upimaji ndio uliohitaji uvumilivu. Programu ya badblocks huandika diski nzima kwa mpangilio mmoja, ikasoma yote, ikarudia kwa mipangilio minne. Kwa diski ya terabaiti 8 kila mzunguko huchukua kama nusu siku, na mizunguko ni minane, kwa hiyo ni siku nne za kuzunguka bila kupumzika. Huwezi kuifanya kazi hii kama umeme unakatika kila jioni. Wakati wa mgao wa 2023 ilibidi niache kabisa. Mambo yalitulia baada ya mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha, mwaka 2024. Hata sasa diski zangu haziwashwi bila UPS, betri ya kushikilia umeme. Umeme ukikatika ghafla, diski hutumia nguvu ya mzunguko wa sahani zake kuegesha vichwa, jambo zuri sana, ila faili iliyokuwa ikiandikwa haina wa kuiokoa. Na radi za huku hazina mchezo, hivyo wingu likinguruma juu ya mlima nazima na kuchomoa plagi ukutani.

Diski moja katika zile za mwanzo ilianza kuonyesha sekta zinazosubiri katikati ya upimaji. Ilirudi Dar kwa basi, nyingine ikaja, kama risiti ilivyosema.

Mengine ni ya fundi na nitayapitia haraka, ingawa yamewakatisha tamaa watu ambao hawakuambiwa mapema. Diski za seva ziko za aina mbili, SATA na SAS. Ya SAS ni rahisi zaidi sokoni kwa sababu haiingii kwenye kompyuta ya kawaida. Inahitaji kadi yake maalumu, na nyingine zimepangwa kwa sekta za baiti 520 badala ya 512, lazima zipangwe upya kwanza. Mwenye kuanza achukue SATA. Hata SATA zina jambo lao. Kwenye baadhi ya diski mpya mpya pini ya tatu ya umeme imepewa kazi ya kuizima diski kutoka mbali, kwa hiyo ukiiunganisha na pawasaplai ya nyumbani inayopeleka volti 3.3 kwenye pini hiyo, diski inakaa kimya kama imekufa. Watu wamezitupa diski nzima kwa sababu hiyo. Tepu nyembamba isiyopitisha umeme juu ya pini inatosha kuifufua.

Kisha kuna kelele. Hakuna aliyezitengeneza akiwaza chumba cha kulala. Baadhi hupiga "tok" kila baada ya sekunde tano hata zikiwa hazina kazi, kwa sababu kichwa kinasogezwa kwa makusudi kisikae sehemu moja. Mama yangu, anayelala chumba cha pili, aliamka usiku akaniita: "Mwanangu, siling bodi ina panya, au kuna mtu?" Nilimweleza kwamba ni sauti za wazee zinatunzwa. Akanyamaza kidogo, akauliza kama na ya marehemu mdogo wake imo. Imo. Kesho yake tukamwekea akasikiliza, naye ndiye aliyesema diski zihamie stoo, mbali na jiko, juu ya rafu ya mbao. Zipo hapo hadi leo.

Diski moja ilinifundisha jambo lisilohusu bei wala sekta. Nilipoiunganisha, kompyuta ilionyesha mafolda. Haikuwa imefutwa. Majina ya mafolda yalionyesha ni ofisi fulani, yenye watu walioajiriwa na mishahara yao. Sikufungua faili hata moja. Niliianzishia uandishi wa diski nzima hapohapo, nikampigia muuzaji kumweleza ili naye aangalie mzigo wake. Mambo haya yana historia. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Kanada walinunua diski sokoni Ghana wakakuta ndani yake nyaraka za Northrop Grumman, kampuni ya Marekani inayotengeneza silaha. Sisi Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na wengi wanadhani inahusu mabenki na kampuni za simu pekee. Ninavyoiona mimi, anayeuza kompyuta ya zamani ya shule au zahanati bila kufuta diski amekabidhi wanafunzi na wagonjwa kwa mgeni. Siku hizi watu wa Tukuyu wakileta kompyuta yao nyumbani kwangu ili niisaidie kuuzwa, naanza na diski kabla ya kugusa kitu kingine, na silipishi.

Baada ya yote haya, jambo ninalolishikilia ni kwamba diski ya mtumba sikuinunua ili niiamini. Niliinunua ili kwa bei ya moja mpya nipate mbili au tatu zisizoaminika, kila moja ikibeba kilekile. Stoo yangu ina mbili zinazoandikwa kwa pamoja kwa mfumo wa ZFS, uliozaliwa katika kampuni ya Sun Microsystems. Mfumo huo huweka alama ya ukaguzi kwa kila kipande cha data. Kila mwezi nauamuru usome vyote, na ukikuta kipande kimeharibika upande mmoja unakirekebisha kutoka upande wa pili. Hiyo bado haitoshi, kwa sababu radi moja au moto mmoja unamaliza zote mbili. Ya tatu iko Mbeya kwa kaka yangu, imezimwa, ndani ya ndoo yenye mfuniko na vifuko vya kunyonya unyevu. Ninapokwenda Mbeya naichukua, naijaza yaliyoongezeka, naisomesha yote, nairudisha. Terabaiti hizo zingenimaliza kwa bando, lakini kwa kosta zinafika kwa nauli ya mtu mmoja.

Sasa bei zinapanda. Muuzaji wangu anasema vituo vya data vinavyojengwa kwa ajili ya akili unde vinachukua diski kubwa mpya, na wenye za zamani wanazishikilia kwa muda mrefu zaidi. Bei ya diski iliwahi kuruka hivi baada ya mafuriko ya Thailand ya mwaka 2011, yaliyofunika viwanda kwa maji. Kwaya mbili zimeniomba tuchange, tununue jozi nyingine kabla mambo hayajawa magumu zaidi, na nimekubali kwa sharti kwamba kila kwaya iwe na nakala yake inayokaa kwa mtu wake, pamoja na daftari.

Daftari ni la shule, la mistari. Kila diski ina ukurasa: namba yake, saa ilizokuja nazo, tarehe ya kupimwa, iko kwa nani, ina nini ndani. Limeandikwa kwa kalamu ili hata kompyuta zote zikiwa hazipo, mtu ajue pa kuanzia. Diski ya saa 35,000 imeshapita 60,000, mistari yake ya SMART bado ni sifuri, na jozi mpya ikifika ndiyo itakayohama kwenda Mbeya kukaa na ile ya kaka.